Kumbambikia mbuzi mwanakondoo

Kondoo amezaa mapacha usiku wa manane. Asubuhi mmoja ananyonya, mkia unatikisika. Wa pili amesimama kwenye kona ya zizi, mgongo umepinda, tumbo limeshikana na mbavu, na kila akisogelea kiwele mama anamgeukia na kumpiga kichwa. Huyo amesuswa. Mwenye mifugo ana njia tatu: amlazimishe mama, amnyweshe mtoto kwa chupa wiki 8 hadi 12, au amtafutie mama mwingine. Kwenye mazizi mengi ya Dodoma, Singida, Manyara na Kajiado mbuzi na kondoo wanalala pamoja, kwa hiyo mama mwenye maziwa asubuhi hiyo mara nyingi ni mbuzi.

Tutaita kazi hii kubambikia, kwa sababu ndivyo ilivyo. Mbuzi anapewa mtoto asiye wake na kuaminishwa kwamba ni wake. Mahakamani ni kosa, zizini ni ufundi.

Maumbile hayana kikwazo kikubwa. Mimba ya mbuzi na ya kondoo zote huchukua karibu miezi 5, watoto huzaliwa na ukubwa unaokaribiana, na viwele vya wote wawili vina chuchu mbili. Maziwa yanatofautiana kidogo: ya kondoo ni mazito, mafuta asilimia 6 hadi 7 au zaidi, na ya mbuzi ni kama asilimia 4. Mwanakondoo anayenyonya mbuzi anahitaji tu kunywa zaidi ili apate nguvu ileile. Ugumu wote uko kwenye pua ya mbuzi, na baadaye kwenye kichwa cha kondoo. Tutafika huko.

Dang'a kwanza, mama baadaye

Kosa linaloua watoto wengi ni kuanza kuhangaika na mama mlezi wakati mtoto bado hajapata dang'a, yale maziwa ya kwanza ya mama aliyezaa. Mwanakondoo huzaliwa bila kinga yoyote ya maana, kwa sababu kondo la nyuma la wanyama hawa halipitishi kinga kutoka kwa mama. Kinga yote inatoka kwenye dang'a, na utumbo unaipokea kwa muda mfupi tu: vizuri sana katika saa 6 za kwanza, kisha unafunga polepole, na ikifika saa 24 mlango umefungwa.

Kipimo ni mililita 50 kwa kila kilo ya uzito kwa mlo mmoja, na jumla ya mililita 200 kwa kilo ndani ya saa 24. Mtoto wa kilo 2.5 apate mililita 125 mara nne. Ya mama yake mwenyewe ndiyo bora: mshike kondoo, mkamue, hata kama hamtaki mtoto. Akiwa amekufa au kiwele kimeziba, tumia ya kondoo mwingine aliyezaa siku hiyo, kisha ya mbuzi, kisha ya ng'ombe. Ya ng'ombe ni nyepesi kidogo, ongeza kiasi, na ukiweza changanya ya ng'ombe wawili au watatu, kwa sababu mara chache dang'a ya ng'ombe fulani huharibu damu ya mwanakondoo na anapauka fizi akiwa na wiki moja hadi tatu.

Dang'a iliyogandishwa iyeyushwe kwenye maji ya uvuguvugu, sio jikoni. Ikichemka kinga inaharibika na unabaki na uji wa maziwa.

Kabla ya kumtilia chochote mdomoni, mpime joto kwa kipimajoto kwenye njia ya haja kubwa. Joto lake la kawaida ni nyuzi 39 hadi 40. Akiwa chini ya 37 na hawezi kuinua kichwa, usimnyweshe: hamezi vizuri, maziwa yanaingia mapafuni. Aliyezaliwa muda mfupi uliopita mkaushe, mpashe joto kwa chupa za maji ya moto zilizofungwa kitambaa, kisha mnyweshe. Ila aliyepoa akiwa na zaidi ya saa 5 tangu kuzaliwa ameshamaliza akiba ya sukari mwilini, na ukimpasha joto hivyohivyo anaweza kupata degedege na kufa mikononi mwako. Huyo anahitaji glukosi kabla ya joto, na hiyo ni kazi ya daktari wa mifugo au afisa mifugo anayejua sindano ya tumboni.

Kitovu kichovye kwenye iodini. Dakika mbili, na umeokoa viungo vyake.

Na kama mtoto ni yatima, ujue kwanza mama alikufaje. Kondoo aliyekufa ghafla na damu inatoka puani au nyuma asiguswe, asichunwe, asipasuliwe. Hiyo inaweza kuwa kimeta.

Mbuzi anatambuaje mtoto wake

Wakati wa kuzaa, kutanuka kwa njia ya uzazi kunaamsha homoni ya oksitosini kwenye ubongo wa mama, na kwa saa chache pua yake inakuwa kama daftari jeupe. Harufu ya kwanza anayoilamba ndiyo inayoandikwa. Baada ya hapo daftari linafungwa, na kila mtoto mwenye harufu nyingine anakula pembe.

Kwa mbuzi uandishi huo ni wa haraka ajabu. Mwaka 1964 Peter Klopfer na wenzake nchini Marekani walionyesha kwamba mbuzi akikaa na mtoto wake dakika 5 tu mara baada ya kuzaa, kisha wakatenganishwa saa moja hadi tatu, mara nyingi anampokea tena. Akinyang'anywa bila hizo dakika 5, anamkataa. Kwa hiyo tabia ya kumchukua mtoto mara anapodondoka, kwenda kumfuta vizuri nyumbani na kumrudisha baadaye akiwa safi, ndiyo inayotengeneza watoto wa kususwa. Acha mama alambe. Uchafu ule ndio utambulisho wake.

Kubambikia ni kuiba nafasi kwenye daftari hilo lingali wazi, au kughushi jina lililokwisha andikwa. Njia zote zinazofuata ni moja kati ya hayo mawili.

Mbuzi gani

Anayefaa kuliko wote ni yule anayezaa sasa hivi, au aliyezaa mtoto mfu leo. Anayefuata ni mwenye mtoto mmoja na maziwa ya wawili. Aliyefiwa siku tatu zilizopita na hajakamuliwa tangu hapo, maziwa yameshaanza kurudi nyuma. Usipoteze muda wako na wake.

Piga hesabu kabla ya huruma. Mwanakondoo wa kilo 3 anahitaji maziwa ya asilimia 15 hadi 20 ya uzito wake kwa siku, yaani mililita 450 hadi 600, na mahitaji hayo yanapanda kila wiki. Mbuzi wetu wa asili mara nyingi hafikishi lita moja kwa siku, tena huyo ni yule aliyekula vizuri. Akiwa na mtoto wake mmoja na ukamwongezea mwanakondoo, wote wawili watadumaa, labda umjazie mmoja kwa chupa. Chotara wa mbuzi wa maziwa wa kigeni, kama Toggenburg au Saanen, anaweza kulea wawili bila shida, lakini ana tatizo lake: chuchu kubwa, nene, zinazoning'inia chini. Mtoto mdogo hawezi kuingiza mdomoni. Kamua kwanza hadi chuchu ilainike na isinyae kidogo, kisha umwelekeze.

Pia mkague mlezi kiwele. Upande mmoja ukiwa wa moto, mgumu, au maziwa yana mabonge, anayempiga mtoto mateke hana roho mbaya, anaumwa. Kwa kweli sehemu kubwa ya watoto wa kususwa inaanzia hapo hata kwa mama wa kuwazaa, na wafugaji wengi wanahangaika na kamba siku tatu kabla hawajawahi kugusa kiwele.

Jambo la mwisho ni ugonjwa. Kuna virusi vya kuvimba viungo vya mbuzi ambavyo ni ndugu wa karibu wa virusi vya mapafu ya kondoo, na vinavuka kutoka upande mmoja kwenda mwingine kupitia dang'a na maziwa. Vinajulikana zaidi kwenye mbuzi wa maziwa wa kigeni. Mbuzi mwenye magoti yaliyovimba na kukakamaa asiwe mlezi. Dang'a yake ukilazimika kuitumia, ishikilie kwenye nyuzi 56 kwa dakika 60 ukitumia kipimajoto. Joto hilo linaua virusi na kuacha kinga nyingi salama.

Njia ya maji ya uzazi

Hii ndiyo njia bora, na inahitaji uwepo mbuzi anapozaa. Chupa ikipasuka, kinga maji yale kwenye beseni safi. Mwanakondoo unaye pembeni, mbali na macho ya mbuzi. Kama ameshakaa siku moja au zaidi, mwoshe kwanza kwa maji ya uvuguvugu ili harufu ya mama wa zamani ipungue, kisha mpake maji ya uzazi mwili mzima, hasa kichwani, mgongoni na chini ya mkia. Hapo chini ya mkia usipaharakishe, maana ndipo mama anapovuta pumzi kila mtoto anaponyonya. Kama mbuzi wako ameshatoa zalio, msugue mwanakondoo nalo.

Mwanakondoo mwenye siku mbili au tatu ana kasoro nyingine: anasimama na kurukaruka, na mbuzi aliyezaa sasa hivi hategemei mtoto wa namna hiyo. Mfunge miguu mitatu kwa kitambaa laini kwa dakika 10 hivi, ahangaike chini kama aliyedondoka sasa hivi. Mbuzi akishaanza kulamba na kuguna kwa sauti ya chini, mfungue.

Mpangilio una maana. Mpe mbuzi mwanakondoo kwanza, puani kabisa, na mtoto wake wa kuzaa amfuate dakika chache baadaye akiwa amegusana na mwenzake. Ukimpa wake kwanza, wa pili anakuwa mgeni.

Kuhusu kumsisimua mbuzi njia ya uzazi kwa mkono uliovaa glavu safi yenye mafuta ya kulainisha, ili mwili udhani umezaa tena: kwa kondoo imethibitishwa kwamba inarudisha hamu ya kulea, na wachungaji wa kale waliijua kabla ya maabara. Inafanya kazi kwa aliyezaa karibuni. Ila mikono michafu inaleta usaha wa kizazi, na mbuzi anayeumwa halei mtu.

Njia ya ngozi

Mbuzi amezaa mtoto mfu, au mtoto amekufa ndani ya siku moja au mbili. Wafugaji wa ng'ombe Afrika Mashariki wanaujua ujanja huu kwa ndama: ngozi ya aliyekufa inawekwa mbele ya mama ili ashushe maziwa. Hapa ngozi inavalishwa mtoto aliye hai.

Kata mviringo shingoni, kisha mviringo juu ya magoti ya miguu yote minne, uvute ngozi kama unavua fulana. Mkia na ngozi inayozunguka haja kubwa vibaki humo. Fulana hiyo mvalishe mwanakondoo, miguu yake ipite kwenye matundu manne. Kibuzi mara nyingi ni mdogo kuliko mwanakondoo. Ikibana, pasua tumboni na ufunge kwa nyuzi mbili, moja nyuma ya miguu ya mbele na nyingine mbele ya miguu ya nyuma. Kondoo wetu wa mkia mnene, kama wa Kimaasai, wana shida ya pekee, kwa sababu mkia wao mpana unatokeza nje na kubeba harufu yao. Upake maji ya zalio au mafuta ya ngozi ya yule aliyekufa.

Hali ya hewa yetu haina subira na ngozi mbichi. Siku ya pili inaanza kunuka, nzi wanataga, na funza hawaishii kwenye ngozi ya aliyekufa. Anza kuipunguza baada ya saa 24 kwa kukata vipande vya mbele, kipande cha mkiani kitoke mwisho, na ikifika saa 72 isiwepo hata kidogo. Kufikia hapo mwanakondoo anakunywa maziwa ya mbuzi huyo, na kinyesi chake kinanuka kama cha mtoto aliyelelewa naye. Harufu halisi inachukua nafasi ya ile ya kughushi.

Njia hii usiitumie kama mbuzi ametupa mimba au umeona mimba kadhaa zikitoka kwenye zizi lako. Magonjwa ya kutupa mimba, homa ya bruseli ikiwa mojawapo, yamejaa kwenye maji hayo na kwenye ngozi hiyo, na yanampata binadamu. Vaa glavu hata kama huna wasiwasi, na mjamzito asishike kazi hii kabisa.

Kizimba cha kichwa

Kama huna maji ya uzazi wala ngozi, umebaki na muda na mbao. Simika nguzo mbili wima ambazo shingo ya mbuzi inapita katikati lakini kichwa hakitoki nyuma, ziunganishwe juu na chini kwa mbao. Kwa sababu pengo ni refu kutoka juu hadi chini, mbuzi anaweza kusimama na kulala apendavyo. Pembeni weka kuta za upana wa sentimita 50 hadi 60, asiweze kuzungusha kiuno na kumbana mtoto. Mbele yake yawepo majani na maji muda wote. Mtoto awe na njia ya kutoka nyuma na kona yake kavu.

Siri ya kizimba ni kwamba mbuzi haoni wala hanusi anayenyonya. Siku tatu hadi tano za maziwa yake kupita kwenye tumbo la mwanakondoo zinabadilisha harufu ya mtoto. Mjaribu siku ya tatu: mfungulie ukiwa umeshika kamba, mwanakondoo akiwa na njaa, na umwache anuse nyuma. Akimpiga, mrudishe kizimbani siku mbili. Ikipita wiki moja bila mafanikio, acha. Kuna mbuzi ambao hawatakubali, na chupa itakuwa imeokoa muda wa wote.

Kamba shingoni badala ya nguzo ni njia ya mkato inayonyonga mbuzi usiku. Mbuzi anajizungusha, kamba inajikaza, asubuhi una yatima wawili.

Ujanja mwingine? Kumpaka mtoto chumvi ili mbuzi alambe husaidia kidogo kwa mbuzi mtulivu ambaye alikuwa anakaribia kukubali. Kumpaka mbuzi mafuta makali ya kuchua puani kunampofusha pua kwa saa chache, na mafuta yakiisha mtoto anakuwa mgeni uleule wa jana. Manukato kwa watoto wote wawili ni hadithi ya aina hiyo. Wamongolia wana yao ya kupendeza zaidi: humwimbia mama aliyesusa, kwa kurudiarudia maneno ya kubembeleza, na desturi yao ya kumbembeleza ngamia iliingia kwenye orodha ya UNESCO mwaka 2015. Lakini hata wao humfunga mama karibu na mtoto wakati wanaimba.

Amekubali, au amechoka kukataa?

Mbuzi aliyekubali ananguruma kwa sauti ndogo, mdomo umefumba, mtoto anapomkaribia. Anasimama, anageuza kichwa, ananusa chini ya mkia, anaacha. Mwanakondoo anayepata maziwa anatikisa mkia kwa kasi na ukimshika tumbo limejaa bila kuwa gumu kama ngoma.

Tahadhari na mwanakondoo mwizi. Huyo ananyonya kutoka nyuma, katikati ya miguu ya mama, pale ambapo mbuzi hawezi kumnusa, na mara nyingi wakati kibuzi halali kinanyonya ubavuni. Utamtambua kwa kichwa chenye madoa ya kinyesi. Anaishi, lakini anapata mabaki. Mizani ya kuning'iniza na mfuko wa kitambaa vinasema ukweli kuliko macho: mpime kila asubuhi kwa siku 10 za kwanza. Asipoongezeka kwa siku mbili mfululizo, mwongezee chupa mara moja, na usisubiri alegee.

Chupa ya kujazia iwe na maziwa ya joto la mwili, nyuzi 38 au 39, milo 4 hadi 6 kwa siku katika wiki ya kwanza, kidogokidogo. Mlo mmoja mkubwa unamjaza gesi, na wale wanaokua haraka kwa maziwa mengi ndio wanaoangushwa na sumu ya bakteria wa utumbo. Anakufa mnene, ghafla, na mwenye mifugo anaapa kwamba kuna jirani aliyemtilia sumu.

Mtoto wa kujificha na mtoto wa kufuata

Hapa ndipo wengi wanapodhani kazi imekwisha. Mbuzi na kondoo wana mpango tofauti kabisa wa kulea. Kibuzi ni mtoto wa kujificha: siku zake za kwanza anajilaza kwenye majani au nyuma ya jiwe, kimya, na mama anakwenda malishoni, anarudi, anamwita, ananyonyesha, anaondoka tena. Mwanakondoo ni mtoto wa kufuata: akishasimama tu, ubavuni mwa mama ndipo nyumbani kwake, na akiachwa mita 20 anapiga kelele.

Ukiwaweka pamoja, kila mmoja anamsoma mwenzake vibaya. Mbuzi anaondoka akitegemea mtoto amelala; mtoto anamkimbilia akilia. Mbuzi wa mara ya kwanza anachanganyikiwa, anamgeukia, wakati mwingine anampiga. Na malishoni ni shida zaidi, kwa sababu mbuzi anakula vichaka, anapanda mawe, anasimama kwa miguu miwili kuchuma migunga, anatembea mbali. Mwanakondoo wa wiki moja anamfuata hadi anachoka, anabaki nyuma, na mbweha hana haja ya kuuliza ni wa nani.

Dawa yake ni desturi tuliyo nayo tayari: watoto wanabaki nyumbani. Mfungie mwanakondoo pamoja na vibuzi kwenye kizimba chenye kivuli, mbuzi aende, arudi mchana na jioni. Ikiwa malisho yako mbali na mchana harudi, ongeza chupa ya saa 7 mchana. Wiki mbili za kwanza ndizo za hatari. Baada ya wiki ya tatu anaweza kwenda, lakini siku za malisho ya karibu tu.

Kuanzia wiki ya pili mwekee majani makavu laini na pumba kidogo iliyochanganywa na mashudu ya alizeti, mahali ambapo wakubwa hawafiki. Achishwe kati ya wiki 8 na 12, akiwa anakula vizuri, na uzito wake uwe angalau mara tatu ya ule wa kuzaliwa. Chanjo ya sotoka ya mbuzi na kondoo atapata na wenzake akishafika miezi 4.

Jiwe la madini liangalie kwa makini. Mbuzi anahitaji shaba nyingi na ana uwezo wa kuitoa. Kondoo anaihifadhi kwenye ini mpaka siku moja ini linaiachia yote kwenye damu, mkojo unakuwa mwekundu wa kahawia, na mnyama anakufa ndani ya siku moja au mbili. Mwanakondoo anayelelewa na mbuzi wa maziwa, akilamba jiwe la mbuzi na kula chakula cha mbuzi miezi mitatu, ndiye mgombea wa kwanza. Weka jiwe la kondoo kwa wote, na mbuzi umpe nyongeza yake pembeni.

Kichwa cha kondoo

Mwaka 1998 Keith Kendrick na wenzake walichapisha katika jarida la Nature jaribio la kubadilishana watoto: wanakondoo walilelewa na mbuzi, vibuzi vikalelewa na kondoo, kisha wakaangalia kila mmoja akikua anamtaka nani. Walicheza na kujisafisha kama jamii iliyowalea. Madume waliokua walitaka majike wa jamii ya mama mlezi, na walipowekwa na jamii yao pekee kwa miaka mitatu bado hawakubadilika. Majike walibadilika ndani ya mwaka mmoja hadi miwili.

Hili si jambo la maabara tu. Ukimlea mwanakondoo dume kwa mbuzi ukitaka awe dume la mbegu, unaweza kupata mnyama mwenye mapaja mazuri anayewapita kondoo wenye joto bila kugeuka na kwenda kusumbua mbuzi. Na hapo hakuna faida, kwa sababu kondoo ana kromosomu 54 na mbuzi 60. Mimba ikishika kwa nadra, mara nyingi hutoka kabla ya kufika nusu, na umepoteza msimu wa mbuzi huyo.

Nguvu hiyohiyo watu wanaitumia makusudi upande mwingine. Huko Namibia, taasisi ya Cheetah Conservation Fund tangu mwaka 1994 imekuwa ikiwapa wafugaji mbwa walinzi wanaowekwa na mbuzi na kondoo wangali watoto, wakue wakiwaona kuwa ni ndugu wa kulindwa.

Kwa hiyo mwanakondoo jike wa kubambikia anafaa kubaki kundini. Siku ya kumwachisha mhamishe upande wa kondoo pamoja na wanakondoo wengine wawili au watatu wa umri wake, sio peke yake, maana atarukia ua usiku mzima kurudi kwa mbuzi. Ukiweza, tangu wiki ya tatu kizimba cha mchana kiwe na angalau mwanakondoo mwingine mmoja, awe anajua sura ya jamii yake.

Dume ahasiwe mapema na anenepeshwe. Hata kama alinyonya mbuzi, huyo ni kondoo: kwa anayemnunua kwa udhiya, umri wake unahesabiwa kwa kipimo cha kondoo, miezi 6, si mwaka mmoja wa mbuzi. Mnunuzi akimwona amesimama kwa miguu miwili anachuma majani ya mgunga, mwonyeshe mkia.